Kuficha na Kusitiri

Nilipokuwa bado Jinja, jumuiya yetu ya wakimbizi ilichanga unga, maharage na pesa kidogo kwa ajili ya familia zenye shida kuliko zingine. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa kazi ya kuandika majina. Tulipofika kwa mama mmoja wa kutoka Uvira, ni mimi niliyesema, "Huyu hapana. Kila Jumapili ana nguo mpya." Tukamruka.

Baadaye nilimkuta anaanika. Nguo zake zote zilikuwa kwenye kamba moja: blauzi tatu, sketi mbili na kipande cha kitenge. Blauzi moja ilikuwa shati la marehemu mume wake. Fundi alitoa kola, akabana kiuno. Sasa piga hesabu. Vya kuvaa chini ni vitatu, sketi mbili na kitenge. Vya juu ni vitatu. Tatu mara tatu ni tisa: Jumapili tisa bila kurudia, zaidi ya miezi miwili. Na siku ya sketi, kitenge kinapanda kichwani kuwa kilemba. Akacheka, "Kaka, mi sina nguo nyingi. Nina mpangilio."

Nikamuuliza swali la kijinga: mbona sasa unatudanganya?

"Nilimwambia nani kwamba ninazo?" akajibu. "Mlinitazama, hamkuniuliza."

Wengi wetu tunapenda kusema mficha uchi hazai. Ni kweli, mbele ya mkunga. Lakini si kila mtu unayepishana naye njiani ni mkunga wako. Kiswahili kina neno lingine, kusitiri. Kuficha ni kumnyima mtu ukweli anaoudai kwa haki. Kusitiri ni kumnyima kile ambacho si haki yake kukitazama. Yule mama alijisitiri. Mimi nikasoma sitara yake kama uongo.

Kuna hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Chakula ni kidogo, anayegawa lazima achague, na macho ndiyo yako karibu. Ila tukifanya matambara kuwa tiketi ya msaada, tunafundisha watu kuacha nguo nzuri nyumbani na kuja wamechanika. Hapo ndipo uongo unaanza, na walimu wake ni sisi.

Siku hizi naishi Mbale. Agosti 2023, kwenye eneo la viwanda la hapa hapa, Rais Museveni alitangaza kwamba anapiga marufuku nguo za mitumba, ati ni za watu waliokufa. Mambo ya viwanda nawaachia wenye viwanda. Mimi nilikumbuka lile shati kwenye kamba. Lilikuwa la marehemu kweli, na lilimvalisha mjane wake vizuri.

Nilimwomba radhi, akanikubalia. Lakini ule unga ulikuwa umeshaliwa na wengine, na wanawe walikuwa wamelala na uji mtupu siku kadhaa. Radhi haikuwashibisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipewa daftari la majina, usianzie kwenye nguo. Kaa chini, uliza taratibu, pembeni, watu wasisikie: jana mlikula nini? Atakayetaka kusema atasema, hata akiwa amevaa vizuri kukuzidi.