Uhuru wa Kuuza na Kununua Dominika

Wengi husema siku hizi kwamba Dominika ni shauri la kila mtu: apendaye kusali na aende kanisani, apendaye kufungua duka na afungue, wala serikali isiingilie. Maneno hayo yapendeza masikioni. Lakini sisi twauliza: uhuru huo ni wa nani?

Tuitazame Ufaransa. Sheria ya mwaka 1814 iliagiza mapumziko ya Dominika. Mwaka 1880 ilifutwa kwa ajili ya uhuru wa dhamiri. Tajiri alibaki huru kweli kweli. Lakini karani wa dukani, mwenye watoto wa kulisha, angewezaje kumwambia bwana wake kwamba kesho haji? Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapumziko hayo mfanyakazi hana ruhusa ya kuyauza, wala tajiri ya kuyanunua, kwa kuwa ni haki ya Mungu mwenyewe. Na mwaka 1906 Jamhuri ile ile, iliyokuwa imejitenga na Kanisa kwa sheria mwaka mmoja kabla, ililazimika kurudisha mapumziko ya saa 24 kila juma, kwa kawaida siku ya Dominika. Wafanyakazi ndio walioyadai, wala si mapadre peke yao. Hata hivyo mlango umefunguliwa tena: kwa sheria ya 2015 mameya wa huko waweza kuruhusu maduka kufunguliwa Dominika 12 kwa mwaka, badala ya 5.

Amri ya Mungu, katika Kumbukumbu la Torati, haimtaji baba mwenye nyumba tu. Yawataja mtumwa, mjakazi na mgeni, hata ng'ombe na punda. Tena yawakumbusha Waisraeli kwamba wao nao walikuwa watumwa Misri.

Lakini tusiwanyoshee Wafaransa kidole. Ziko nyumba za Wakatoliki hapa kwetu ambamo baba, mama na watoto huvaa vizuri wakaenda Misa ya kwanza, na msichana wa kazi huachwa jikoni akimenya ndizi. Akiomba ruhusa ya Misa ya pili, huambiwa kuna nguo za kufua. (Naye aliye wa dini nyingine achoka vile vile.) Basi, Jumamosi hii jioni, mama mwenye nyumba na amwulize angependa kwenda Misa ipi, kisha wapatane nyumbani ni nani atakayepika kesho.