Zawadi Isiyonunuliwa

Somo: Mwanzo 45:21-28

Siku ya Baba, Jumapili ya tatu ya mwezi wa Juni, inakaribia. Watoto wa Shule ya Jumapili wameniuliza: "Pasta, tutawapa baba zetu nini, na sisi hatuna pesa?" Ni swali zuri. Tulipeleke kwenye Neno.

Yusufu aliuzwa akiwa kijana, akakulia ugenini. Alipopata nafasi, alimkumbuka baba yake. Alimpelekea punda kumi wenye vitu vizuri vya Misri, na punda majike kumi wenye nafaka na chakula cha njiani. Lakini tuangalie Yakobo. Alipopewa habari kwa mdomo tu, moyo wake ulizimia, hakuamini. Alipoyaona kwa macho magari ambayo Yusufu ametuma, roho yake ikapata uhai tena. Wala hakuhesabu mizigo. Kwake ilitosha kujua kwamba mwanawe yu hai.

Wapendwa, baba wengi hapa Nakivale wana moyo uliozimia. Kule Kivu mtu alikuwa na shamba, ng'ombe au mtumbwi wake. Hapa alizoea kusimama kwenye mstari wa mgao. Na tangu mwaka 2023, mgao ulipoanza kutolewa kwa makundi, wengine wamepunguziwa, wengine wameondolewa kabisa. Baba anajiuliza usiku: mimi bado ni baba wa nyumba hii, au ni jina tu kwenye karatasi ya familia? Mmoja anakimbilia pombe, mwingine anakuwa mkali, mwingine ananyamaza.

Nishuhudie kosa langu mwenyewe. Siku moja nilikuta gunia letu la mahindi limekatwa. Nikamgombeza binti yangu mbele ya majirani. Alitoka akilia. Mama yake akaniambia, "Mume wangu, mtoto ameona Biblia yako inavyolowa mvua ukienda kuhubiri. Alikuwa anakushonea mfuko." Niliona aibu. Nilimfuata, nikamwomba msamaha. Mfuko ule mshono wake umepinda, na kamba moja ni ndefu kuliko nyingine. Lakini ndio ninaoubeba kila Jumapili, na kila nikiushika ninajua kwamba mimi ni baba.

Basi, watoto wetu, angalieni baba anakosa nini, kisha tumieni mikono yenu. Anayejua kusuka, asuke mkeka mdogo. Mwingine atengeneze kigoda cha mti, au amfulie baba shati na kulishona palipochanika. Mwingine apande mstari wa maharage na kusema, "Huu ni wa baba." Wewe unayejua kuandika, chukua daftari, ukae na baba jioni, umwulize jina la babu yake, la kijiji chake, na la mto aliokuwa anaoga akiwa mtoto. Andika yote, kisha umrudishie siku ile. Wengi wenu mmezaliwa hapa. Baba akiona kwamba mwanawe anataka kujua alikotoka, mzigo wake utapungua.

Na wewe ambaye baba yako alibaki njiani, au hujui aliko, usikae pembeni. Mpelekee babu, baba mdogo, au mzee jirani asiye na mtu. Na kama mama ndiye aliyekulea peke yake, mpe yeye.

Ndugu zangu akina baba, nanyi mpokee. Usicheke mshono uliopinda. Usiulize, "Hiki kitatusaidia nini?" Pokea kwa mikono miwili, mwombee mtoto, na umbariki kwa jina lake. Hata Baba yetu wa mbinguni haangalii bei ya sadaka. Yule mjane wa senti mbili ni shahidi.

Bwana azifufue roho za baba zetu katika nchi hii ya ugeni, na azibariki kazi za mikono ya watoto wetu. Amina.