"Kazi ya Mungu" lisiwe jibu la kumnyamazisha mtoto

Kila sifa njema ni ya Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa moja baada ya swala nilijimwagia mchuzi wa manjano kwenye kanzu nyeupe. Mama watoto alipolipaka doa sabuni ya kipande, likageuka jekundu. Binti yetu wa miaka sita, aliyechuchumaa kando ya beseni, akashtuka: "Baba, mbona imekuwa damu?" Nikamjibu, "Kazi ya Mungu hiyo, nenda kacheze." Akaenda, wala hakuuliza tena.

Nililosema ni kweli, ila nilikusudia kufunga mlango. Qur'an inapotaja kazi ya Mungu hufungua mlango. Surat Al-Ghashiya inatuelekeza tumtazame ngamia jinsi alivyoumbwa. Surat Al-Imran inawasifu wanaofikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Vipi basi tulitumie jina la Muumba kumzuia mtoto asitazame alichokiumba?

Jioni mama yake alimwita. Akapaka manjano kwenye kitambaa, akakisugua kwa sabuni, kikawa chekundu. Akakikamulia ndimu, unjano ukarudi. Akamwambia: "Ndimu ni asidi. Sabuni na magadi ni kundi jingine, alkali. Allah ameipa manjano sifa ya kutuonyesha kipi ni kipi." Mtoto akakimbilia jikoni kuleta siki, chumvi na maji ya majivu. Siki na chumvi hazikubadili kitu, bali majivu yalirudisha wekundu. Hiyo ndiyo Kemia, na haikugharimu hata senti.

Wapo wanaodhani elimu hii ni ya Wazungu. Neno alkali ni la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea, na jina la Kemia lilifika Ulaya kupitia al-kimiya ya Waarabu. Abu Bakr al-Razi wa mji wa Rayy, Uajemi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10 Miladia, aliandika juu ya vyombo vya maabara na kuyapanga madini kwa makundi. Lakini sifa za marehemu hazimfaulishi mtoto mtihani. Kijana wetu huanza Kemia kidato cha kwanza, kwa lugha ya kigeni, akiwa keshazoeshwa kutouliza. Akiikimbia tunashangaa nini?

Tena lipo zito kuliko mtihani, nalo ni uhai. Mtoto asiyeelezwa hunywa mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda. Mtu mzima asiyejua huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa ule hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Mwingine huchanganya dawa ya kung'arisha nguo na siki au dawa ya choo, ikatoka gesi ya klorini inayounguza mapafu. Baada ya maziko tunasema, "Kazi ya Mungu." Kadari tunaiamini, lakini Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wazazi wenzangu, shime tuanzie jikoni. Unapokanda maandazi ya futari, mwonyeshe mwanao jinsi hamira inavyokula sukari na kutoa hewa inayouvimbisha unga. Mwonyeshe kutu kwenye panga lililoachwa mvuani. Dawa kali zifungie asipofika, na umweleze kwa nini. Akiuliza usilolijua, sema "Allahu a'lam, twende tukamuulize mwalimu," kisha nendeni kweli.

Na "kazi ya Mungu" tuendelee kuisema, ila tukishaisema tumwambie mtoto: njoo uitazame.

Wabillahi tawfiq.