Mioto Miwili ya Makaa

Katika Injili ya Yohana moto wa makaa umetajwa mara mbili. Wa kwanza uliwashwa uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, na Petro akasimama akiuota pamoja na watumishi. Ni usiku huo alipomkana bwana wake mara tatu. Wa pili uliwaka ufukweni mwa ziwa la Galilaya, kumepambazuka, na juu yake samaki. Neno la Kiyunani lililotumika kwa moto huo halimo kwingine kokote katika Agano Jipya. Ni vigumu kuamini kuwa lilirudiwa kwa kughafilika.

Petro, basi, alirejeshwa kwenye harufu ileile. Hakukaripiwa. Walikula kwanza, ndipo akaulizwa kama anapenda. Akaulizwa mara tatu, na mara ya tatu akahuzunika. Kwa kila jibu alikabidhiwa kondoo. Kiyunani kina vitenzi viwili vya kupenda katika mazungumzo hayo, na wataalamu wameshindana sana juu yake. Kiswahili kina kimoja tu, wala hakikupungukiwa: masikio ya msomaji hubaki kwenye ile hesabu ya tatu, na hapo ndipo penye jeraha.

Yuda naye alijuta. Mathayo aeleza kwamba alivirudisha vile vipande thelathini vya fedha na kukiri kuwa amekosa. Lakini aliungama mbele ya wale waliomnunua, nao wakamwambia hayo ni yake mwenyewe. Kwa hiyo si haki kupima toba za wawili hawa kwa wingi wa machozi. Mmoja alipata wa kumpokea. Mwenzake alibisha mlango usio na mtu ndani.

Swali zito zaidi ni hili: aliyesamehewa, je, arudishiwe na amana aliyoisaliti? Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru raia wa dola ya Kirumi waitolee miungu kafara na wapewe hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi wa Karthago walianguka. Wengine walitoa kafara, wengine walinunua hati tu. Askofu wao, Cyprianus, alikuwa amejificha. Aliporudi mwaka 251, baraza la maaskofu liliamua wenye hati wapokelewe baada ya kuchunguzwa, na waliotoa kafara wangoje hadi saa ya kufa. Kule Roma, Novatianus alikataa hata hayo.

Mwaka 253, mateso mapya yakinukia, Karthago ililegeza: waliokuwa katika toba wapokelewe wote. Hoja ya Cyprianus ilikuwa ya mchungaji, si ya kadhi. Utamwambiaje mtu aimwage damu yake kwa ajili ya Kristo, nawe unamnyima kikombe cha damu ya Kristo? Yeye mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 258.

Hata hivyo, ulegevu huo haukuwafikia maaskofu walioanguka. Hao aliwaruhusu kutubu kama waumini wa kawaida, wasirudi madarakani kamwe. Kanuni hiyo ina busara yake, kwani kundi lililokwisha kuachwa mbele ya fisi lina haki ya kuogopa. Ila kwa kanuni hiyo Petro angelishwa samaki pale ufukweni, akashukuru, kisha akarudi kwenye nyavu zake.