Maji Yafike Chini

Kuna swali ambalo limekaa nami: je, kumpunguzia mtu msaada kunaweza kuwa upendo?

Tuangalie mche. Ukitoka kitaluni, mizizi yake huwa mifupi, na mingine hukatika njiani. Wiki za kwanza unahitaji maji karibu kila siku. Ukiruka siku mbili tatu, jua la Januari linaumaliza. Hapo huwezi kuuambia ujikaze. Nyasi mpya nazo ni vivyo hivyo.

Lakini ukizoea kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni hata baada ya mche kushika, udongo unalowa juu tu, na mizizi inabaki hapo juu maji yalipo. Mgao wa maji ukianza, kila kitu kinakauka. Kwa hivyo mwenye kujua hupunguza siku za kumwagilia, lakini siku akimwagilia, anamwaga maji mengi yazame. Mizizi inayafuata chini.

Sasa tujiangalie. Mtu anaokoka Jumapili, na hadi Jumapili inayofuata hakuna aliyempigia simu. Tunajitetea kwamba mkuzaji ni Mungu. Ni kweli, Paulo aliwaandikia Wakorintho hivyo, lakini pale pale alitambua kazi ya Apolo ya kumwagilia. Mwingine naye ameokoka miaka mitano, na bado tunamnyunyizia tu: tunamwombea kila jambo, tunamtumia kamstari asubuhi, lakini hatujakaa naye akajifunza kusoma Neno na kuomba mwenyewe. Mbegu ya kwenye mwamba katika Marko 4 ilichipuka haraka, ikanyauka kwa kukosa mizizi.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, kupunguza kunaweza kuwa upendo. Lakini uvivu pia hupunguza, halafu hujiita hekima. Tutautambuaje? Naona hivi: aliyechoka haji tena shambani. Anayependa bado huja, huingiza kidole kwenye udongo aone kama kuna unyevu, na siku ya maji ikifika humwaga zaidi ya mwanzo. Safari zimepungua, maji hayajapungua.

Mpendwa, wiki hii mtaje mtu mmoja mbele za Mungu. Je, ni mche wa juzi? Mpigie leo. Je, ameshika tayari? Tenga jioni nzima, fungueni Biblia pamoja, kisha mwache yeye aombe.