Nani Ameifunga Mvua?

Katika vijiji vyetu vya Katanga mvua ikikawia, watu nao hawakawii kuuliza: «Nani ameifunga?» Mara nyingi macho huelekea kwa mzee asiye na watoto wa kumtetea, au kwa mama mjane akaaye peke yake mwisho wa kijiji. Kwa hiyo habari ya majira yanayogeuka si ya wakulima tu. Ni habari ya haki: palipo na hasara, kosa ni la nani?

Wanaolalamika hawasemi uongo. Wazee wetu walikuwa na kalenda isiyoandikwa. Miombo ilipotoa majani yake mapya mekundu, watu walishika majembe. Mwezi wa 10 mawingu yalikusanyika. Mwezi wa 11 mahindi yalipandwa. Siku hizi miti yatoa majani, manyunyu mawili matatu yaanguka, mtu apanda kwa furaha. Kisha jua kali siku nyingi, na mbegu yafia udongoni. Atanunua nyingine kwa fedha gani? Aliyefuata neno la babu yake ndiye aliyepoteza. Je, babu alimdanganya? Hata kidogo. Alisema kweli ya siku zake, nayo kweli hiyo imemponyoka mkononi angali hai. Twaona huo ni msiba mkubwa kuliko njaa ya mwaka mmoja, maana kijana aliyepata hasara mara tatu hatamwuliza mzee tena neno lo lote.

Sababu yafahamika. Makaa ya mawe, petroli na gesi vikichomwa hutoa hewa ya kaboni, nayo huzuia joto la dunia lisitoke. Miaka ya 2011 hadi 2020 ilizidi ile ya 1850 hadi 1900 kwa joto la digri 1,1 hivi. Na hewa yenye joto huweza kushika mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digri moja. Basi yakawia kushiba, na ikishiba humwaga kwa nguvu. Wala si kwetu tu. Huko Kyoto, katika Ujapani, kuna maandiko ya zaidi ya miaka 1200 yanayotaja siku ya kuchanua kwa micheri. Mwaka 2021 ilichanua kabisa tarehe 26 Machi, mapema kupita mwaka wo wote ulioandikwa kabla yake. Hatudhani mjane wa Katanga ana mkono mrefu wa kufika Kyoto.

Basi kosa ni la nchi za viwanda? Sehemu kubwa, ndiyo. Kongo yetu imechoma mafuta na makaa ya mawe kidogo mno, na yafaa kudai haki yetu waziwazi. Lakini kosa hupimwa pia kwa ujuzi. Aliyewasha mashine za kwanza za mvuke hakujua alitendalo. Mwaka 1896 Msweden mmoja, Svante Arrhenius, alikwisha kukadiria kwamba hewa hiyo ikiongezeka dunia itapata joto, wachache walimsikiliza. Mwaka 1992, kule Rio de Janeiro, serikali za dunia zilitia sahihi mapatano juu ya jambo hili. Tangu siku ile, neno «hatukujua» halimfai tena mtawala ye yote.

Na sisi? Kuzunguka Lubumbashi msitu wa miombo umerudi nyuma mbali sana, kwa ajili ya mashamba na makala. Mwenye baiskeli asukumaye magunia yake alfajiri ana watoto wa kulisha. Mama anayeyanunua hana umeme, au anao saa mbili kwa siku. Tumejaribu kulipima kosa lake, tukashindwa. Hata maharagwe tuliyokula jana jioni yaliivia juu ya makala hayo hayo.