Tunaimba Pamoja: Je, Tunaishi Pamoja?

Masomo: 1 Mambo ya Nyakati 25:1-8; Matayo 5:23-24

Neno letu la leo ni kwa waimbaji, wakubwa kwa wadogo, tangu soprano mpaka besi. Lakini yeye asiyeimba naye asigeuze ukurasa. Kanisa letu ni kanisa la nyimbo, na jambo linalowapata waimbaji linatupata sisi wote.

Tufungue Maandiko. Mfalme Daudi alipopanga kazi ya nyumba ya Mungu, hakuweka makuhani na walinzi wa milango tu. Aliweka na waimbaji. Wakuu wao walikuwa watatu: Asafu, Hemani na Yeduthuni. Pamoja na ndugu zao waliofundishwa kumwimbia Bwana, hesabu yao ilikuwa 288. Sasa angalieni namna zamu zao zilivyogawanywa. Hawakuulizana nani ana sauti tamu, wala nani ni mtoto wa nani. Walipiga kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Na siku sanduku la Agano lilipoingizwa katika hekalu la Sulemani, makuhani 120 wakipiga tarumbeta, wapigaji na waimbaji walisikika kama sauti moja. Ndipo wingu likajaza nyumba (2 Mambo ya Nyakati 5). Wingu halikushuka kwa ajili ya sauti ya mtu mmoja.

Sisi si wageni wa jambo hili. Mwaka wa 1921, huko Nkamba, Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi aliyotumwa, wazee wetu wanatusimulia ya kuwa nyimbo zetu hazikutoka katika kalamu na karatasi: zilipokelewa. Mpaka leo mtu anaweza kupokea wimbo akiwa usingizini, au katika maombi, au shambani. Anauleta, unaangaliwa, na ukikubaliwa unaimbwa na wote. Aliyeupokea hawi mwenye wimbo. Basi, kama wimbo wenyewe ni zawadi, mwimbaji atajivunia nini?

Na sisi wa Lubumbashi tuna sababu zaidi ya kufikiri. Ni katika mji huu, wakati ulipoitwa Élisabethville, Papa alifungwa miaka 30, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wengi walihamishwa mbali na vijiji vyao, na kanisa halikutambuliwa na serikali mpaka 24 Desemba 1959. Katika miaka ile, kukusanyika na kuimba kuliweza kumfikisha mtu gerezani. Kwa hiyo aliyeimba pamoja nawe alikuwa mtu unayemjua kwake, unayejua watoto wake, unayeweza kumkabidhi maisha yako.

Leo tunaimba bila hofu, mchana, madirisha wazi. Je, tunajuana kama wao?

Tuseme ukweli wetu wenyewe, kusudi mtu asifikiri tunawahukumu wengine. Mwaka wa 2017 kwaya yetu ilikuwa inajitayarisha kwa sikukuu ya 12 Oktoba. Tulifanya mazoezi mara tatu kwa juma. Tulikubaliana kushona vikwembe vipya, kijani na nyeupe, kila mtu alete mchango wake. Sisi ndio tulioshika daftari: upande wa kushoto mahudhurio, upande wa kuume michango.

Ndugu mmoja wa besi akakosa kuja. Tukaandika: hayupo. Mara ya pili: hayupo. Mwisho wa juma la tatu jina lake lilikuwa na alama tisa, na chini yake tukaongeza faini, kama sheria ya kwaya inavyosema. Hatukusahau hata mstari mmoja. Mtu mmoja akasema, “Huyu amekimbia mchango,” nasi tukacheka. Halafu tukasimama, tukaimba wimbo wa mapendo. Tukaona besi imepungua, tukaanza kutafuta kijana mwingine mwenye sauti nzito.

Ni mama mmoja wa alto, muuza makala, aliyefanya kazi ambayo sisi mashemasi tulipaswa kufanya. Siku ya posho, mazoezi yalipokwisha, hakurudi kwake moja kwa moja. Alipita kwa yule ndugu. Kesho yake, siku ya Mungu, alituletea habari. Mke wa ndugu alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa. Mama mzima, mtoto mzima. Lakini hawakuruhusiwa kutoka hospitalini, kwa sababu deni lilikuwa halijalipwa. Ilikuwa juma la tatu mama na mtoto wanalala pale juu ya mkeka. Mume wake alishinda akitafuta vibarua, na jioni akiwapelekea chakula.

Tulimwendea. Tulimwuliza, “Ndugu, sababu gani hukutuambia?” Akajibu kwa sauti ya chini: “Shemasi, nilikuja siku moja mpaka mlangoni. Nikasikia munasoma majina ya wenye deni. Nikarudi.”

Neno lile hatujalisahau. Ni sisi tuliokuwa tunasoma majina.

Jioni ile kwaya ilikaa. Feza ya vikwembe ilikuwa karibu kutimia. Wengine walisema itolewe yote. Wengine walisema feza hii imetolewa kwa heshima ya sikukuu. Tutasimama namna gani mbele ya parokia nyingine na vikwembe vilivyopauka? Hayo hayakuwa maneno ya watu wabaya. Kumvalia Mungu vizuri si dhambi. Tulibishana mpaka usiku. Ndipo mmoja wetu akafungua Matayo 5, pale Bwana anapomfundisha mtu aliyeleta sadaka yake, akakumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake: aiache sadaka palepale mbele ya madhabahu, aende wapatane kwanza, ndipo arudi kuitoa. Tukanyamaza. Ndugu yetu alikuwa na neno juu yetu, na sadaka yetu ilikuwa wimbo.

Kesho yake deni likalipwa. Feza kidogo iliyobaki ilinunua unga, mamá wakapika bukari na sombe nyumbani kwa ndugu, tukala, tukaimba uani, mtoto akiwa mikononi mwa mama wa makala. Tarehe 12 Oktoba tuliimba na vikwembe vya zamani. Walikuwako waliotucheka. Tena ndugu wawili waliokataa jambo lile waliacha kwaya. Mmoja alirudi. Mwingine hajarudi mpaka leo, na yeye pia tulimwandika “hayupo” siku nyingi kabla ya kukanyaga mlangoni pake. Ndugu, kama unasoma ukurasa huu, nafasi yako katika teno haijapewa mtu. Kosa la kuchelewa kukutafuta ni letu.

Wapenzi, kanisa letu limetupa maneno matatu ya kutembea nayo: Mapendo, Amri, Kazi. Tuyapime juu ya kwaya.

Kwanza, Mapendo. Mwongozi anahesabu sauti, lakini Mungu anahesabu watu. Mazoezi yakiisha, tusitawanyike kama watu waliotoka sokoni. Kukaa kidogo, kusalimiana, kuulizana habari za watoto na za kazi, kugawana karanga na chai, hayo si kupoteza wakati. Ni hapo tunapojua nani amelala na njaa, nani amefukuzwa katika nyumba ya kupanga. Na tukienda kuimba kwenye kilio, tusirudi mara moja kwa kuwa wimbo umekwisha. Twende na kesho yake, bila iniforme, kuchota maji na kupasua kuni.

Pili, Amri. Kukaa pamoja kuna mipaka yake. Pombe, tumbako na dansi tumekatazwa, na safari ya kwaya haifungui mlango uliofungwa nyumbani. Mwanaume mwenye mke wake asifanye mazoezi kuwa sababu ya kuchelewa na binti ya mwenzake. Na ulimi tuufunge: kuna kwaya zinazoimba vizuri mbele ya watu na kusengenyana nyuma ya hekalu. Nabii Amosi alisema wazi ya kuwa Mungu huchoka na kelele za nyimbo pasipo haki. Lile daftari letu hatukulitupa. Kuwahi ni amri nzuri. Lakini tumechora ndani yake mstari mwingine. Mtu akikosa mara mbili, sharti liandikwe jina la yule aliyekwenda kumwona. Mahali hapo pakiwa patupu, faini ni ya viongozi.

Tatu, Kazi. Mwaka wa 1994, huko Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa Papa Simon Kimbangu, alianzisha orkestra kubwa ya kanisa. Watu walikuwa wengi, vyombo vichache. Walipokezana: mmoja anapiga violini, mwenzake anangoja zamu. Uzi ukikatika, waliweza kutumia waya wa breki ya baiskeli. Leo orkestra hiyo inajulikana mpaka nchi za mbali. Kwanza walijifunza kungojana. Basi wewe mwenye sauti njema, mngoje anayejifunza pole pole. Usimcheke akikosea mbele ya watu. Kaa naye pembeni, mrudie mpaka ajue. Nawe mwongozi, usiwe mfalme. Wimbo umepita mikononi mwako tu, na kesho utapita mikononi mwa mwingine.

Tumalize kwa Paulo na Sila. Usiku wa manane, gerezani, miguu katika mti, migongo ikiuma kwa fimbo, waliomba na kumwimbia Mungu. Walikuwa wawili, bila kikwembe kipya, bila watu wa kuwasifu. Lakini walikuwa wamepigwa pamoja, wamefungwa pamoja, wakaimba pamoja. Na Maandiko yanasema wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza.

Hata leo wako watu wanaosikiliza, na wengine wanasikilizia mlangoni, wakiwa na haya ya kuingia. Juma hili, kabla ya mazoezi, kila mwimbaji amtaje moyoni ndugu mmoja ambaye hajamwona. Asingoje mkutano. Aende.

Ee Mungu Baba, uliyetupa wimbo, utupe na kuwajua wale tunaoimba nao. Ulilosikia midomoni mwetu, ulione na nyumbani mwetu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Shemasi wenu katika kazi ya Bwana